Kudai Kurudishiwa Joto la Karakana Yangu

Ndugu Mkuu wa Maabara ya Plastiki,

Joto la karakana yangu lilipotea Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliopita, saa nne asubuhi, pale vijana wako wawili wenye makoti meupe walipomwaga unga wenu mpya kwenye mashine yangu. Pamoja na joto hilo nimempoteza shangazi yangu. Yu hai na mzima wa afya, ila hakanyagi tena kwangu, na kwa hilo nakudai wewe. Natumaini barua hii inakukuta salama, hapo kwenye kiyoyozi.

Nijitambulishe upya, maana wataalamu hukumbuka mashine wakamsahau mwenye mashine. Mimi ni fundi. Nilianza kwa kuziba ndoo zilizopasuka kwa kisu cha moto, nikapanda ngazi moja moja hadi nikainunua hii mashine ya leza, mtumba, ambayo huyeyusha unga wa plastiki tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinatokea: gia ya cherehani, kitufe cha redio, bawaba ya kabati. Unga wa zamani ulikuwa ukiyeyuka kwenye digrii mia na themanini, na leza haikubali kazi mpaka sanduku zima la mashine lipashwe likaribie hapo. Mkaja na wenu, unaoyeyuka kwa digrii mia na kidogo. "Fundi, utatumia nusu ya umeme," wakasema vijana wako. Ni kweli, ni nusu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kama ifuatavyo.

1. Chai. Birika letu limekaa juu ya mgongo wa mashine ile miaka sita bila kuomba jiko. Siku hizi chai inapoa kabla sukari haijayeyuka. Mmevumbua plastiki inayoyeyuka upesi kuliko sukari. Hongereni.

2. Mashine ilikuwa ikihitaji siku nzima kupoa kabla ya kufunguliwa, la sivyo vitu vinapinda. Siku hiyo ilikuwa yangu. Mteja akija na kelele zake namwonyesha kipimajoto: "Ndugu yangu, mimi niko tayari, mwenzangu ndiye bado wa moto." Hakuna anayegombana na kipimajoto. Seremala hana kisingizio hicho, fundi viatu hana. Mimi nilikuwa nacho, kimeandikwa kwa tarakimu nyekundu. Sasa inapoa ndani ya masaa matatu. Yule bwana mwenye cherehani kumi na mbili anasimama mlangoni, mikono kiunoni, akipumua. Tangu mje nimelazimika kutimiza kila ahadi niliyotoa, jambo ambalo hakuna fundi wa mtaa huu aliyewahi kulifanya, na wenzangu wameanza kunisalimia kwa mbali.

3. Shirika la umeme limeniletea wakaguzi. Uniti zangu zilivyoporomoka, wakajua naiba. Wamefuata nyaya mpaka darini. Nikawaeleza kwa adabu kwamba sababu ni unga niliopewa na vijana wawili. Sikuwahi kufikiri jinsi sentensi hiyo inavyosikika mbele ya watu wenye sare. Mfuko wenu mmoja umeondoka nao kwenda kupimwa.

4. Paka wa karakana amehamia kwa mwoka mikate.

5. Shangazi. Huyu ndiye aliyenilea, na hesabu ninayokupigia hapa alinifundisha yeye, kwa vifungo vya mashati, alipokuwa mshonaji. Magoti yake hayapatani na ubaridi. Kila siku ya kupoa alikuja na kigoda chake, akaegemeza mgongo kwenye mashine, akaanza kazi ya kunikosoa: "Wewe, gia gani hiyo, meno kama ya babu yako?" Nami nakaa namsikiliza, ningefanya nini, na mashine imefungwa? Tangu unga wenu uingie amekuja mara moja. Aliigusa mashine kwa kiganja, akanitazama nikikimbizana na wateja, akasema, "Haya, umekuwa mtu wa kazi," akabeba kigoda akaondoka. Nilimtumia ujumbe kumjulia hali. Akajibu: "Nipo." Wanaomjua shangazi yangu wanajua uzito wa neno hilo likija peke yake.

Sasa tupige hesabu, maana ninyi ni watu wa hesabu. Umeme mmenipunguzia nusu. Shangazi mmenipunguzia wote. Hapo hapahitajiki shahada kuona nani amepata hasara.

Mtaniambia vitu vinatoka vizuri zaidi. Vinatoka vizuri. Msinipeleke huko.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: ama mnirudishie unga wa zamani, ama, kwa kuwa mna akili nyingi, mbuni unga usiokubali kuyeyuka hata ukibembelezwa, mashine iwake wiki nzima, ama mniletee hita kubwa ikae kando ya mashine na kula ile nusu ya umeme niliyookoa, Shangazi apate pa kuegemea. Hilo la mwisho litarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na bado mtaandika ripoti kwamba mmefanikiwa.

Nataka jibu la moja kwa moja, si kijitabu chenye picha za majani mabichi, kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, saa ileile mliyochukua joto langu.

Nisalimie wote hapo maabara, wale wenye makoti, na zaidi mlinzi wa getini, ambaye, siku nilipokuja hapo kulalamika, peke yake aliniuliza nina shida gani.

Ni mimi niliyepoa pamoja na mashine yangu,
Mwenye Karakana, Nyuma ya Soko

N.B. Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, Shangazi ameingia na kigoda chake. Nimemwomba radhi kwa ubaridi wa mashine, nikamsomea barua yote. Amesikiliza mpaka namba tano, akaguna. "Joto? Dude lile limenichoma mgongo miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa nakuja siku ambayo umekaa. Sasa hukai." Kisha akaniuliza kama nakaa au nasimama, maana shingo inamuuma.

Nimekaa. Futa namba moja hadi tano, na ile Ijumaa pia ifute. Niletee mifuko mitatu zaidi ya unga uleule, pamoja na jibu la swali moja tu: kile kipimajoto cha tarakimu nyekundu, kinaweza kutegeshwa kionyeshe digrii mia na sabini kila Alhamisi, asubuhi hadi jioni, hata mashine ikiwa baridi kama jiwe? Ndiyo au hapana, kabla ya Jumatano saa sita mchana. Yule bwana wa cherehani nimeshamwambia Alhamisi asije, mashine itakuwa inapoa.