Lalamiko Kuhusu Msimamizi Wetu Kurudishwa Mapema Kutoka Zanzibar

Ghala la Pili,
Kiwanda cha Chakula cha Kuku,
Igoma, Mwanza.
Jumanne, baada ya chai.

Kwa Mzee Harish, mwenye kiwanda.

Mzee wangu, shikamoo.

YAH: MSIMAMIZI YEREMIA KURUDISHWA KAZINI KABLA HATUJAMALIZA KUPUMZIKA

Mimi ni Osmund Ndunguru, yule mpakiaji mrefu wa ghala la pili ambaye wewe huniita Songea, ingawa kwetu ni Mbinga. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya humu ndani naomba ulivumilie kama tunavyolivumilia lile fuso la kijani linalowaka kwa kusukumwa.

Ijumaa iliyopita ulisimama karibu na mizani ukasema mbele ya watu wote: "Safari, safari! Mtu amekwenda, amekula pweza, amerudi. Kiwanda kimepata nini?" Ukamwambia binti yako Dhara kwamba mpango wake wa kumlipia mfanyakazi bora safari unafutwa mwisho wa wiki hii.  Sisi wapakiaji jibu tulikuwa nalo, ila hakuna aliyetuuliza. Naomba nikujibu kwa maandishi. Faida ipo, Mzee, tena kubwa. Kosa ni moja tu: safari ilikuwa fupi.

Utakumbuka jinsi jambo lenyewe lilivyoanza. Dhara alirudi kutoka semina ya Dar akatueleza kwamba mfanyakazi akilipiwa safari na kampuni anarudi na nguvu mpya, anaipenda kampuni, na wenzake wanapata hamu ya kujituma. Akaweka boksi la kura dirishani. Ghala la pili lote tulimpigia kura msimamizi wetu Yeremia, bila hata mmoja kukosea. Dhara alifurahi, akasema hajawahi kuona umoja wa namna hii katika sehemu ya kazi. Ni kweli umoja ulikuwepo.

Sasa naeleza faida na malalamiko kwa namba, ili usipate taabu.

1. Kazi ilikwenda. Pengine hujui jinsi gunia linavyosafiri chini ya Yeremia. Likishuka kwenye gari haliingii ghalani. Yeremia anapuliza filimbi yake, linawekwa kwanza kivulini alitazame. Akishalitazama linabebwa hadi mlangoni, linawekwa tena, alitazame kwa upande wa pili. Ndipo linaingia. Na likishaingia, mara nyingi anasema limelala vibaya, basi linatoka. Gunia la mashudu ya pamba la kutoka Magu linachoka kabla ya kuku hajalionja. Zile siku tano alizokuwa Zanzibar, gunia lilitoka kwenye gari likaenda ghalani, basi, kama mtu anayejua kwao. Ngosha, mpakiaji mwenzangu ambaye unamjua kwa sauti, aliimba nyimbo za kwao za kulima na sisi tukaitikia huku tunabeba. Yeremia hataki tuimbe. Anasema: "Anayeimba hajachoka. Muongezeeni gunia." Mimi nilisimama mlangoni nikawa nawapanga wenzangu kidogo, nani abebe pumba, nani abebe dagaa, nani aache kukohoa, maana watu hawawezi kuachwa hivihivi tu. Mteja wetu Mama Hellen wa Magu, ambaye huwa anakuja na kitenge cha kulalia kwa sababu ya kusubiri, alipakiwa mzigo wake chai yake ikiwa bado ya moto. Akashangaa, akauliza, "Jamani, leo kuna msiba? Mbona sisikii filimbi?" Tukamwambia hakuna msiba, mama, ni safari ya kikazi.

2. Nguvu mpya. Hapa Dhara alisema kweli tupu, na hapa ndipo ninapolalamika. Yeremia amerudi na nguvu mpya. Amerudi amenenepa mashavu, na filimbi ambayo zamani ilikuwa inasikika hadi kwenye mashine ya kusaga sasa inasikika hadi barabara ya Musoma. Juzi basi la shule lilisimama, likidhani ni trafiki. Kwa hiyo, Mzee, safari fupi ina hasara: inamjaza mtu nguvu halafu inamrudisha kwetu azimalizie hapa. Ninachoomba ni kwamba safari iwe ndefu kiasi cha mtu kuzipata nguvu hizo na kuzimaliza hukohuko. Hapo kampuni itakuwa imelipia kitu kikakamilika.

3. Mahali. Zanzibar hapafai, pana mtandao. Siku ya pili tu tulisikia simu ya Ngosha inalia, akaiegemeza kwenye gunia, na huyo Yeremia ametokea kwa picha, nyuma yake bahari na watu wamevaa nguo za kuogelea. Hakusalimia. Alisema, "Ngosha, sogeza simu kushoto. Hilo gunia la chini mbona limelala kifudifudi?" Mhudumu wa hoteli alisikika akimwambia, "Baba, juisi yako hii." Yeye akamjibu, "Weka hapo, niko kazini." Sisi tuliona huruma, Mzee. Kampuni imetoa gharama ya ndege, mtu hanywi juisi. Tafadhali itafutwe sehemu isiyo na mnara wa simu. Kisiwani Nansio msijaribu kabisa, mnara upo, na hata usingekuwepo angepanda kivuko cha asubuhi akatukuta kwenye uji.

4. Mambo yangu mwenyewe. Nimeona nisikufiche, kwa sababu wewe ni mzazi na utajua hata nisiposema. Nyumbani Mbinga nina mke, Modesta, na binti yetu Rose ameposwa. Wazee wa upande wa kijana watakuja Jumamosi hii, ya mwisho wa mwezi, na kiti cha baba wa binti kinatakiwa kiwe na baba wa binti. Modesta amenipigia akasema, "Baba Rose, usipokuja atakaa mdogo wako. Na huyo unamjua, atakubali hata kabla hawajafungua mdomo." Namjua. Aliwahi kuuza baiskeli yangu kwa mtu aliyekuwa anauliza njia.

Karatasi ya kuomba likizo nilimpa Yeremia tangu mvua za vuli. Kila nikimuuliza anasema, "Njoo Jumatatu." Jumatatu moja nikaenda kweli. Akanitazama akasema, "Ndunguru, likizo ni ya watu waliochoka. Wewe juzi nilikusikia ukiimba." Ni kweli niliimba, lakini ilikuwa wimbo wa kanisani, na wa huzuni.

Alipokuwa Zanzibar, karatasi za likizo, pamoja na zile alizoziacha mezani, zilikuwa zinakwenda moja kwa moja kwa Dhara, na Dhara alikuwa anasaini huku anakuuliza watoto hawajambo. Siku ya mwisho wenzangu watatu waliitwa wakasainiwa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetumwa Nansio kupakia dagaa, ziwa likachafuka, tukalala huko juu ya magunia na harufu yake unaijua. Nilipofika Igoma kesho yake, bado nina magamba kwenye nywele, nilimkuta Yeremia ameshashuka na ndege, amevaa kofia ya ukili, filimbi shingoni, na karatasi yangu ameirudisha kwenye mfuko wake wa shati. Angechelewa siku moja tu, Mzee, leo nisingekuwa nakuandikia. Ningekuwa nafua kanzu ya kupokelea wakwe.

5. Wengine wanaostahili. Mpango huu ukiendelea, naomba usiishie kwa Yeremia, maana upendeleo huleta maneno. Mlinzi wa getini amechoka sana kufunua vyombo vyetu vya chakula kutafuta mashudu ya wizi. Tangu niajiriwe hajayapata, na bado hakati tamaa, moyo wa namna hiyo unastahili Ngorongoro. Paulo wa stoo naye apelekwe, mradi aache funguo. Tukimtafuta Paulo huwa yuko na funguo, na tukizitafuta funguo huwa ziko na Paulo, na wote wawili hatujui walipo. Baada yao, kwa heshima zote, apelekwe Dhara mwenyewe. Ni binti mwenye roho nzuri kuliko sisi sote, lakini kila akirudi kwenye semina anatukalisha chini tuandike ndoto zetu kwenye karatasi za rangi. Ngosha aliandika "ng'ombe". Akaambiwa afafanue, akaandika "wengi". Gari la pumba lilisubiri nje hadi jua likahama. Dhara apelekwe semina ndefu, ya mbali, ile ambayo hawaimalizi.

6. Wewe mwenyewe. Usikasirike, Mzee. Unafika hapa alfajiri kabla ya kunguru, unakaa kwenye kile kiti karibu na mizani, unakunywa chai ya maziwa peke yako. Nani amewahi kukupa wewe safari? Mfanyakazi bora wa kiwanda hiki kwa miaka yote ni wewe, ila hakuna anayekupigia kura kwa sababu jina lako liko ukutani tayari. Ondoka na mkeo, Mama Pramila, mwende mkawaone wajukuu, mkae hadi wawazoee. Hesabu ni nyepesi: Yeremia peke yake akiondoka mzigo unatoka kabla chai haijapoa. Akiondoka pamoja na mlinzi, Paulo, Dhara na wewe, mzigo utatoka kabla chai haijachemka. Sisi wapakiaji tutabaki tukiangalia mali yako. Ngosha atauza, mimi nitasimama mlangoni, na likizo atakuwa anasaini yeyote aliye karibu na kalamu. Mkirudi mtaona kuku wa Kanda ya Ziwa wanashindwa kupita kwenye milango ya mabanda yao. Na mkiona vema kutorudi haraka, hatutawalaumu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba mpango usifutwe. Uongezwe urefu, upewe wakubwa tu, na uanze na Yeremia kabla ya Jumamosi ile niliyokutajia. Sisi wapakiaji hatuombi kwenda popote kwa gharama ya kampuni. Mpakiaji akisafirishwa, gunia litabebwa na nani? Sisi safari yetu ni wao kusafiri.

Wasalimie wote: Mama Pramila na mgongo wake, Dhara, Paulo kama ataonekana, mlinzi wa getini, na akina mama wanaotupikia maharage. Msalimie na Yeremia. Mwambie hatuna kinyongo naye, tunachojali ni afya yake.

Ni mimi ninayebeba chakula cha kuku wako,

Osmund Ndunguru (Baba Rose),
Mpakiaji, Ghala la Pili.

Nyongeza. Mzee, barua hii nilikuwa bado sijaifunga. Leo Jumatano Dhara ametuita wote mbele ya ghala akasema umekubali itolewe safari moja ya mwisho kabla mpango haujafutwa, na kwamba kura tulizotumbukiza asubuhi kwenye boksi zimeshahesabiwa. Aliyeshinda ni mimi. Ghala la pili lote wamenipigia kura mimi, hata Yeremia. Nililia, sikufichi. Nikamshika Ngosha mkono nikamuuliza, "Ndugu yangu, mmeniona kwa kazi gani?" Akajibu bila aibu, "Kwa zile siku ulizosimama mlangoni. Yeremia ana filimbi, na filimbi ikichoka inanyamaza. Wewe una mdomo, kaka. Ulinizuia hata kukohoa." Watu walicheka hadi wakakaa chini. Yeremia alicheka kuliko wote, halafu akatoa karatasi yangu ya likizo mfukoni, akaisaini palepale akiwa ameiegemeza mgongoni mwangu, akasema, "Nenda, Ndunguru. Sasa nakubali kuna watu wamechoka."

Kwa hiyo naomba uyafute yote niliyoyaandika kuanzia namba moja hadi namba sita. Nimetafakari nimeona Dhara alisema kweli: safari apewe mpakiaji, na kampuni itafaidika sana. Dhara aliniuliza nataka Zanzibar au Serengeti, nikamwambia nataka Mbinga. Akasema Mbinga siyo utalii. Nikamwambia kuna milima, na kuna mtu ambaye sijamwona siku nyingi. Akaandika Mbinga. Basi linaondoka stendi ya Nyegezi kesho alfajiri, Jumamosi nitakuwa kwenye kiti changu.

Nimempigia Modesta nikamweleza yote, pamoja na jinsi kura zilivyopigwa.  Akauliza, "Kwa hiyo kurudi nyumbani kwako mwenyewe ndiyo zawadi? Na wakikuchoka zaidi, watakuleta na Krismasi?"

Nimemwambia nitajitahidi.