Feni, Moshi na Rochelle

Jumatatu, 3 Oktoba 2011

Nimeitazama tena video yetu. Kisha tena. Nimechelewa kazini. Meneja wa duka la mazulia amenitazama kama doa la mvinyo. Shauri yake.

Jamani, video ile! Mwaka 1986, bendi ya Chui wa Hariri, mwimbaji ni mimi, Lonnie Vukovich. Moshi unatambaa sakafuni. Feni kubwa inavuma, nywele zangu zinapepea mpaka zinatoka nje ya picha. Nina wanja mwingi kuliko bibi harusi. Duane Escobedo kaweka mguu juu ya spika, analiza gitaa huku amekunja uso kama anang'olewa jino. Na juu ya boneti ya Camaro nyeupe yuko Rochelle. Anateleza taratibu, anageuka, anatazama kamera. Kiangazi kile televisheni ya muziki iliionyesha kila mchana. Watu walinisimamisha barabara ya Sunset wakitaka niwatie saini mikononi.

Siku hizi hakuna tena roki nzito ya namna ile. Mwimbaji anasimama na fulana, anaimba kama anangoja basi. Hakuna moshi. Hakuna hata cheche. Inaniuma kweli.

Mchana Duane akapiga simu. Siku hizi anasafisha mabwawa ya kuogelea, ana magari yenye picha ya pomboo anayecheka. Akaniuliza kama nimesikia. Rochelle ameuza nyumba. Anahamia Tucson, mwendo wa siku nzima kwa gari, kwa dada yake, Jumamosi ya wiki ijayo. Nikajifanya sijali, nikasema namtakia kila la heri. Halafu nikaenda stoo, nikakaa juu ya zulia lililoviringishwa mpaka meneja akanikuta.

Rochelle alikuwa mke wangu miaka kumi na mmoja. Alipoondoka alisema nyumba yetu ina watu watatu: yeye, mimi, na mimi wa 1986, na anayewafulia wote ni yeye. Nilidhani atarudi. Alikaa Van Nuys tu, Los Angeles hii hii, dakika chache kutoka hapa Reseda. Mtu aliye Van Nuys hajakuacha kabisa. Tucson ni habari nyingine.

Lazima abaki. Bila yeye nitabaki kuwa mzee anayeuza mazulia. Nina mpango.

Jumanne, 4 Oktoba

Mpango ni huu. Tunaipiga upya ile video, picha kwa picha. Kisingizio: imetimiza miaka ishirini na mitano. Rochelle akipanda boneti, moshi ukimzunguka, akiniona nikipepea, moyo wake utakumbuka wenyewe. Sitahitaji kusema neno. Maneno hayajawahi kuwa fani yangu, hata nyimbo alitunga Duane.

Nikampigia. Nilikuwa nimeandaa sababu za kumshawishi, sikuzitumia hata moja. Alisema, "Sawa, nitakuja. Ila sitelezi juu ya gari la mtu, Lonnie. Nina magoti mawili tu, na moja limeshakufa." Nikamwambia atakaa tu. Akacheka. Amecheka! Mtu anayekwenda Tucson kwa moyo wote hachekicheki ovyo.

Nimejaribu suruali ya ngozi. Imefika mapajani, ikagoma. Nimelala chali kitandani, nikavuta pumzi, nikavuta zipu. Imefunga. Kuketi haiwezekani. Lakini katika video ile sikuketi popote.

Nywele ni tatizo kubwa zaidi. Za mbele zimejiuzulu. Nimeagiza za bandia za kubana kwa vibanio, rangi ya dhahabu. Ukiwa mbali huwezi kujua.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimekutana na Duane kwenye kibanda cha taco, zile chapati za Kimeksiko zenye nyama, karibu na ofisi yake. Amekubali kuja. Lakini ana sharti. Anataka feni imwelekee yeye pale gitaa linapolia peke yake.

Nani alisikia kitu kama hicho? Kila bendi ya Hollywood ilijua: feni ni ya mwimbaji. Mpiga gitaa ana spika yake ya kukanyagia, inamtosha. Nikamweleza hivyo kwa upole. Duane akafuta mchuzi mdomoni, akaniambia, "Kaka, miaka ishirini na mitano nimekula vumbi la nywele zako. Safari hii na mimi nipepee." Nikamwambia kwa bahati mbaya feni niliyokodi haigeuki. Inageuka sana. Akanitazama. Akasema basi atajitegemea.

Hilo "nitajitegemea" silipendi.

Aliponisindikiza kwenye gari akauliza kwa nini nisimwambie tu Rochelle kwamba nataka abaki. Nikamcheka. Duane anajua mabwawa, mambo ya moyo aniachie mimi. Yeye mwenyewe amekaa na mke mmoja tangu 1989, anajua nini juu ya kumrudisha mtu.

Kamera nimepata. Bwana Hagopian, mwenye nyumba wangu, hupiga video za harusi za Waarmenia wenzake kuanzia Glendale mpaka huku. Anatupigia bure, na gari lake, Buick, atalitoa badala ya Camaro. Rangi yake ni ya uji. Nimemwambia hatutaki keki wala mioyo, tunataka hatari. Ameitikia kwa kichwa.

Jumapili, 9 Oktoba

Nitaandika yote kabla hayajanichanganyika.

Tulikutana nyuma ya duka la mazulia, maana Jumapili limefungwa. Niliweka barafu kavu kwenye ndoo, nikaimwagia maji ya moto. Moshi ukatoka vizuri mno. Feni ikavuma. Nywele zikapaa. Kwa muda mfupi nilikuwa na miaka ishirini na minne, naapa.

Rochelle alikuja na jinzi na sweta ya kijani. Amenenepa kidogo, amezeeka kidogo, na mimi nikasahau mstari wa kwanza wa wimbo wangu mwenyewe. Alikaa kwenye boneti ya Buick kama mtu anayengoja kinyozi. Kila nilipomwambia afanye macho ya chui, alicheka. Bwana Hagopian akasema macho hayo hayo yanatosha.

Ikafika zamu ya gitaa. Duane akaenda kwenye gari lake la pomboo, akarudi na mashine ya kupulizia majani, ile ya kubeba mgongoni. Akamfungia mgongoni mkewe Graciela, aliyekuja naye. Akakanyaga kreti la maziwa, akampa ishara.

Sina la kuongeza ila hili. Upepo ulimpita Duane, ambaye ana upara tangu milenia ibadilike, ukanipata mimi. Nywele zangu ziliondoka. Siyo zote, zile za dhahabu. Ziliruka juu ya uwanja pamoja na majani makavu na nyuzi za mazulia, zikatua kwenye kioo cha Buick, na Bwana Hagopian akaingiza mkono dirishani, akawasha waipa bila kufikiri. Zikawa zinakwenda kushoto, kulia, kushoto.

Rochelle alicheka mpaka akashuka kwenye boneti akakaa chini. Cheko lile la zamani, la kukwamakwama. Nilikuwa sijalisikia miaka mingi. Nilikuwa sijui kama nalikosa kiasi kile mpaka pale.

Kisha akazichukua nywele, akazikung'uta, akaanza kunibania upya kichwani. Vidole vyake vinajua kichwa changu. Akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Lonnie, Jumamosi saa tatu asubuhi gari la mizigo linaondoka, na mimi nalo. Kama una la kuniambia, niambie."

Nikamwambia, "Subiri kidogo, moshi unakwisha."

Ulikuwa unakwisha kweli. Barafu kavu haikungoji. Nilimwaga maji mengine, nikarudi mahali pangu, nikaimba kibwagizo chote. Nilipogeuka alikuwa anavaa miwani ya jua. Akasema basi nikipenda nipite asubuhi hiyo, atakuwepo, kahawa ataweka. Halafu akaenda.

Nadhani siku imekwenda vizuri kwa jumla. Zipu imepasuka.

Jumanne, 11 Oktoba

Bwana Hagopian ameleta video. Nimekasirika, kisha sikukasirika tena.

Kwanza, kuna mioyo. Inaelea kutoka pembeni. Anasema kompyuta yake inaiweka yenyewe. Pili, mimi sionekani! Nipo nyuma, nipo ukingoni, mara moja ni kiwiko changu tu. Picha yote ni Rochelle. Nikamuuliza hii video ni ya nani. Akanijibu kwa utulivu, "Bwana Lonnie, miaka thelathini napiga harusi. Kamera inakwenda kwa bibi harusi. Bwana harusi hakuna anayemwangalia, hata mama yake." Nikamwambia hapakuwa na harusi. Akasema anajua, ndiyo maana alishangaa.

Alipoondoka nikaitazama peke yangu. Kibwagizo cha mwisho. Rochelle amekaa kwenye boneti, hacheki tena. Ananitazama mimi. Hatazami kamera, hatazami moshi, ananitazama mimi tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma tangazo lililofifia. Na mimi natazama kamera. Nimeinua kidevu, upande wangu mzuri.

Nikafungua ile ya zamani kulinganisha. Mungu wangu. Ni vilevile. Akimaliza kugeuka juu ya ile Camaro, kabla picha haijakatwa, ananitazama. Nimeiona video hiyo miaka ishirini na mitano, sikuwahi kumwona akinitazama, maana nilikuwa najitazama mwenyewe.

Nimelia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimempoteza mtu mzuri na bado yuko Van Nuys.

Jumamosi nitakwenda. Nitamwambia neno moja: baki.

Ijumaa, 14 Oktoba

Neno limeongezeka. Nimelifanyia mazoezi stoo. "Baki, Rochelle. Nilikuwa mjinga. Baki." Zulia la Kiajemi limesikiliza bila kupinga.

Nimemwambia Duane kwenye simu. Akafurahi mpaka sauti ikamkatika, akanisihi, "Nenda tu, kaka. Nenda na kofia. Nenda na nguo za kulalia. Fika tu." Kofia! Nimejiuliza kama Duane ananionea wivu. Mtu asiye na nywele hupenda wote tuvae kofia.

Siwezi kumwomba mwanamke abaki huku kichwa kimelala kama mkeka. Alinipenda zikiwa juu. Alinikuta Sunset, nyuma ya jukwaa, zikiwa juu. Neno kubwa linataka kichwa kikubwa.

Spreyi yetu ya zamani haiuzwi tena. Ile ilikauka papo hapo, na ukiwasha sigara karibu nayo ungeagana na nyusi. Dukani wamenipa mpya, isiyoharibu hewa. Msichana wa kaunta amesema haina madhara kwa kitu chochote. Nimesita, lakini nimechukua. Saa nimeitega mapema sana. Safari hii sichelewi.

Jumamosi, 15 Oktoba

Niliamka kabla ya jua. Nikaoga. Nikalisema neno mbele ya kioo, likatoka safi.

Nikaanza nywele. Kanuni ni ileile: unainamisha kichwa chini, unachana kinyumenyume, unapuliza, unangoja ikauke, ndipo unainuka. Ukiinuka mapema, yote yanaanguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Nikapuliza. Nikangoja. Nikagusa, maji. Nikapuliza tena. Nikangoja. Damu imejaa kichwani, naona nyota. Nikainuka, zikaanguka upande wa kushoto. Nikaanza upya.

Kulikuwa na wakati, nikiwa nimeinama, macho yakaona saa ya ukutani juu chini. Nikajiambia bado. Kushoto kulikuwa kumeshakubali, ilibaki kulia tu. Nani anaacha kazi nusu? Nikazibana zile za dhahabu. Nikapuliza mara ya mwisho. Nikatoka nimefungua madirisha yote ya gari ikauke njiani, halafu nikayafunga, maana upepo ungeharibu.

Nyumba ilikuwa tupu. Mapazia hakuna. Gari la mizigo limeacha alama za matairi kwenye nyasi. Jirani, mama mmoja wa Kifilipino, alikuwa anamwagilia mawaridi. Alikitazama kichwa changu kwanza, kisha mimi. Akasema Rochelle aliwangojesha watu wa mizigo zaidi ya saa nzima. Alikaa hapo kwenye ngazi na vikombe viwili vya kahawa. Wakampigia honi, akawaambia bado kidogo. Mwishowe akainuka, akajifuta suruali, akapanda.

Kikombe kimoja kilikuwa bado pale kwenye ngazi, kimefunikwa na kisosi. Nikakaa, nikakinywa. Kilikuwa baridi, na sukari tatu, ninavyopenda mimi. Nikalia tena, mbele ya yule mama, naye akafunga maji akaingia ndani kwake kwa heshima. Kama ningefika na kofia. Kama ningefika na kichwa kimelala, kimelowa, chochote. Ningekuwa nimekaa hapa na yeye.

Nilipoinuka nikajiona kwenye dirisha la nyumba tupu. Ukweli lazima usemwe. Zilikuwa juu, pande zote mbili sawa, hazitikisiki. Hata mwaka 1986 hazikuwahi kusimama namna ile.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimekaa garini nimefikiri kwa makini, na kosa nimeliona: ni ile spreyi, na huu unyevu wa Los Angeles. Tucson ni jangwa. Kule kitu kinakauka mara moja. Jumamosi ijayo nitaondoka alfajiri, nitachukua chumba cha hoteli karibu na kwa dada yake, nitengeneze nywele bila haraka, ndipo nikabishe hodi.