Simu Isiyochukua Nafasi

Jumatatu, 3 Machi 2003

Mvua tangu alfajiri. Ziwa halionekani. Moyo mzito. Halafu, katikati ya asubuhi, nikapata wazo! Si kama yale mengine. Hili ni wazo lenyewe.

Ofisi yetu husafirisha saruji ya Muganza kwenda ng'ambo, Kongo. Ofisi ni neno la heshima. Ni chumba kimoja hapa Kamembe, meza nne zimebanana, ukitaka kupita lazima mwenzako asimame. Emerance, mpiga chapa wetu, huweka chai yake sakafuni kwa kukosa mahali. Simu ni moja tu, nyekundu, nzito, mezani kwa Valens mhasibu. Ameivisha kitambaa cha kufuma kama kiti cha askofu. Kwenye gurudumu la namba kuna kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni pamoja na rozari. Ukitaka kupiga unamwomba. Anakuuliza ni ya nini. Unamweleza, mtu mzima na ndevu zako!

Leo Madame Gaudiose, mkuu wetu, amesema kila meza ipate simu yake. Valens akauliza zitakaa wapi. Ndipo nikanyoosha mkono. Nikasema simu haina haja ya kukaa mezani, inaweza kukaa ndani ya kompyuta. Madame akaniangalia, akasema nijaribu, maana tarehe kumi na nne anakuja mgeni kutoka makao makuu Kigali. Akiipenda itawekwa katika ofisi zote, nami nitahamia Kigali kuwa mkuu wa simu. (Hilo la mwisho hakulisema. Nililiona usoni mwake.)

Jumatano, 5 Machi

Nachora. Nilisoma informatique, mambo ya kompyuta, mwaka mmoja na nusu kule Bukavu kabla vita havijafunga chuo. Mambo ninayoyahitaji sasa nadhani yalikuwa kwenye ile nusu iliyobaki.

Vitufe viwe vikubwa, hata mzee asiyeona vizuri avitumie. Simu yenyewe iwe ndogo kama kiberiti, ikae konani mwa skrini. Bado natafuta jinsi vitufe vikubwa vitakavyoingia ndani ya kiberiti.

Valens amepita nyuma yangu akikohoa. Anasema Mungu alimpa mtu sikio na bega ili ashike simu katikati yake. Sikumjibu. Wivu haujibiwi.

Kompyuta hizi alizileta Muhigirwa, dereva wetu, mume wa Emerance. Alizifunga kwa mablanketi ndani ya kabini na yeye akalala chini ya lori, ili zisilowe. Ndiye pia aliyenibebea godoro tulipovuka kurudi huku mwaka wa 96. Nikihamia Kigali nitamwita awe dereva wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Madame anaumwa kichwa. Kisa ni bip. Siku nzima ile nyekundu inalia mara moja na kufa, inalia mara moja na kufa. Nchi hii hakuna anayepiga simu, watu wote wanabip! Wanakata kabla hujapokea ili wasiliwe uniti, wewe ndiye uwapigie. Muuza samaki wa Nkanka anabip. Shemeji yake Valens anabip. Madereva nao wana mpango wao: wakiwa safarini hubip saa kumi alasiri, kila mmoja kwa zamu yake. Bip moja, niko salama. Bip mbili, nimekwama, nipigieni. Valens huhesabu kwa vidole na kutangaza kama padri anayetangaza ndoa. Emerance akisikia bip moja ya mumewe, anafunga mkoba na kwenda nyumbani akiimba.

Madame ameniuliza kama simu yangu itakuwa na kelele vilevile. Nikacheka. Usiku huu silali, nina kazi. Simu yangu itanyamaza mlio wa kwanza na wa pili, ndipo wa tatu iimbe. Mwenye neno la maana atavumilia hadi wa tatu. Asiyevumilia hana neno. Hii ndiyo akili ya simu nzima, na sitaieleza kwa mtu. Seremala haonyeshi misumari.

Jumatatu, 10 Machi

Imefungwa! Waya wa simu nimeuchomoa kwenye ile nyekundu na kuuingiza kwenye kompyuta yangu, na kutoka kwangu nimetambaza nyaya hadi meza zote. Nyekundu imewekwa kabatini. Valens aliisindikiza mpaka mlangoni mwa kabati, kitambaa mkononi, kama mtu aliye mazishini.

Mezani kwake imebaki alama ya mraba ya mbao safi. Nafasi! Nimemwonyesha. Kwangu mimi sasa kuna spika mbili, sanduku la betri, fungu la nyaya, na vidude vya masikioni nilivyonunua kwa Zulaikha dukani, vya redio ya kaseti. Sikio moja tu ndilo linalofanya kazi. Chai ya Emerance bado iko sakafuni, na leo mashine yake ya kubania karatasi imeifuata huko. Lakini simu yenyewe haichukui nafasi hata kidogo.

Muhigirwa ameondoka leo na saruji. Atavukia Bugarama, apite Kamanyola, ashuke mpaka Uvira. Barabara mbaya, na watu wake wabaya zaidi. Kabla ya kutoka alitazama mashine yangu, akanipiga bega, akasema nimekuwa mkubwa. Emerance alibaki amesimama karibu na meza yangu.

"Papa Vénuste, hii simu mupya itasikia bip ya bwana yangu?"

Nikamwambia inasikia kila kitu. Ni kweli. Kusikia inasikia.

Jumanne, 11 Machi

Saa kumi. Kimya. Emerance amevaa vidude vya masikioni, amekaa wima. Kimya mpaka saa kumi na moja.

Valens akasema mashine imekufa. Nikatoka mbio hadi kwa Zulaikha, nikaazima simu yake ya mkononi, nikapiga ofisini nikavumilia. Mlio wa tatu ikaimba! Wote waliisikia, hata Valens. Basi mashine ni nzima.

Njiani kurudi, mlio wa kwanza na wa pili ulinipita kichwani. Nikasimama kidogo kwenye mvua. Halafu nikakumbuka kwamba Muhigirwa ni mtu mwenye akili. Akiwa na shida kweli, atavumilia hadi wa tatu.

Emerance alikwenda kwa yule mtu wa simu za kulipia karibu na soko. Simu ya mumewe imezimwa. Huizima siku zote, huiwasha saa ya bip tu ili betri isimalizike. Nimemwambia kimya ni habari njema.

Alhamisi, 13 Machi

Umeme umekatika saa tisa, betri ikadumu dakika kumi. Simu zote zimezimika, kila meza na skrini yake nyeusi. Saa kumi ikapita gizani. Mbaya! Lakini pia nafuu, maana sasa wote wanalaumu umeme.

Jana pia hapakuwa na bip. Emerance hajala. Aliomba ile nyekundu irudishwe, leo tu, saa kumi tu. Valens alikuwa tayari ameitoa kabatini anaifuta vumbi! Nikakataa. Nikasema tukichomoa nyaya leo, kesho mgeni atakuta matumbo ya mashine nje. Madame akakubaliana nami, ila aliangalia dirishani alipokuwa akisema.

Ng'ambo kuna milio mizito tangu juzi. Watu wanasema ni radi. Watu husema ni radi kila mara. Nilijisikia vibaya, nikanywa Fanta.

Ijumaa, 14 Machi

Mgeni amefika! Bwana Munyaneza, suti, viatu visivyojua tope letu. Amechukua vidude vya masikioni, akaweka sikioni kimoja tu, kile kisichofanya kazi, hakusikia kitu, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Alisifu vitufe. (Nimevifanya vidogo, kiberiti kimeshinda.) Zaidi ya yote alisifu utulivu. Alisema ametembelea ofisi zetu zote na hakuna iliyo tulivu kama hii. Madame alitabasamu kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Saa kumi alikuwa bado anasema. Emerance alisimama dirishani, mgongo kwetu. Kwenye skrini yangu kuna taa ndogo ya kijani, haina sauti, niliiweka kwa ajili yangu mwenyewe ili nione mashine ikisikia. Ikawaka ikazimika. Baada ya muda ikawaka tena ikazimika.

Nikawaza, ni muuza samaki. Huyo hubip sana Ijumaa. Na utamkatizaje mgeni wa Kigali kwa ajili ya samaki? Nikasogeza kikombe changu mbele ya taa. Mgeni alipoondoka nilitaka kumwambia Emerance, lakini alikuwa ameshatoka kwenda kwa mtu wa simu za kulipia. Nilitembea mpaka karibu na soko nikamwona kwenye foleni. Nikarudi.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui niandike nini. Naandika.

Asubuhi Harerimana amefika, dereva wetu mwingine, tope hadi magotini. Alikuwa anarudi na lori tupu kutoka Uvira. Alimkuta Muhigirwa amezuiwa kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, baada ya Kamanyola, mahali ambapo mtandao wa huku bado unashika. Naye wakamzuia. Wenye bunduki walitaka jambo moja: kumsikia mkubwa wa ofisi kwa sauti yake, awaambie saruji ni ya nani. Basi. Kila saa kumi walimpa Muhigirwa simu yake.

"Anabip mara mbili," Harerimana akasema. "Halafu anangoya. Bote tunangoya. Anabaambia mukubwa wangu atapiga sasa hivi, bibi yangu iko pale pale kwa ofisi. Siku ya Ijumaa bakachoka. Bakamuambia awashe lori, abapeleke kule mu pori. Mimi baliniachilia jana juu ya lori yangu haina kitu."

Madame alikaa. Valens alishika rozari, na ule ufunguo nao. Mimi nilikuwa natazama nyaya sakafuni. Nilitamani Emerance apige kelele, avunje skrini, anitupie chai.

Alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"Papa Vénuste, hii mashine yako ilikuwa inasikia?"

Nikasema ilikuwa inasikia.

"Na ikisikia, inafanya nini?"

Nikasema inanyamaza.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akarudi mezani kwake, akakaa, akaanza kupiga chapa ankara ya wiki iliyopita. Valens ndiye aliyechomoa nyaya. Sikumzuia. Alasiri nilimweleza Madame kwamba kosa kubwa ni la umeme, na la bariyeri, na kwamba hata simu nyekundu isingeweza kusimamisha vita. Madame akaniambia niende nyumbani.

Jumatano, 26 Machi

Hakuna habari. Madame amekwenda Bugarama mara mbili kuuliza, amerudi na macho mekundu. Kigali wamesema jambo la simu lisubiri.

Ile nyekundu imerudi, ila haiko tena mezani kwa Valens. Iko kwa Emerance. Valens mwenyewe aliibeba, akaondoa kufuli, na ufunguo akautupa kwenye pipa mbele yetu sote. Kitambaa cha kufuma nacho ameacha kiende. Simu imekula nusu ya meza, kompyuta imesukumwa hadi ukingoni, na mapaja ya Emerance sasa ndiyo kabati la karatasi.

Na hangoji mlio uishe. Inapolia tu, ameshaishika. Wanaobip wanaliwa uniti, wanamtukana. Muuza samaki wa Nkanka ameapa hatapiga tena. Emerance anawasikiliza wote mpaka mwisho. Kila mara neno lake la kwanza ni moja, naye hulisema polepole, sauti ya kawaida kabisa.

"Muhigirwa?"

Leo amelisema zaidi ya mara ninazoweza kuvumilia. Nilitoka nikalia nyuma ya choo. Muhigirwa alinibebea godoro langu kichwani, na kwenye mvua. Nililia kweli, na sioni aibu kuliandika.

Ndipo binamu yangu Mukantwari, aliyekuja mjini kunisalimu, akanikuta pale. Yeye ni muuguzi katika hospitali moja huko milimani. Akanipa leso, akaketi, akaanza kusimulia ya kwake ili anisahaulishe. Anasema hawapumziki. Simu ya wodini inalia mara moja na kufa, mchana kutwa, usiku kucha, ni ndugu za wagonjwa wanaobip kutoka vijijini. Anasema wauguzi watapata wazimu. Na meza yao ni ndogo, dawa zinakaa dirishani.

Nikafuta machozi. Meza ndogo! Nikamuuliza kama wana kompyuta. Anasema wameletewa moja, bado iko ndani ya boksi.

Nimekwisha kuanza kuchora. Vitufe vitakuwa vikubwa safari hii. Na kwa kuwa hospitali inahitaji utulivu kuliko saruji, itanyamaza mpaka mlio wa tano.