Feni za Maulidi

Jumatatu, 2 Februari 2026

Lubna bado yuko kwao, Shela. Alirudi kwa mamake siku niliyouza friji yake ili nifuge sungura. Sungura wakafa kwa joto. Mke wangu hakuona la kuchekesha.

Leo nimeona njia! Mdogo wake anaolewa Ijumaa, na Alhamisi alasiri kuna maulidi ya wanawake. Wiki hii stima inapotea kila mchana. Nimekwenda kwa mkwe wangu, Bi Hadiya, nikampa shikamoo ya adabu, nikamwambia mambo ya feni na spika aniachie mimi, jenereta ninayo. Sina. Shemeji yangu Zayd alikwisha kujitolea na yake, lakini nimesema ile ni ya moshi, itaharibu harufu ya udi. Bi Hadiya akanitazama sana. Akasema Lubna akiniona nimefanya jambo moja likakamilika, huenda akarudi kabla ya Ramadhani.

Jumanne, 3 Februari

Nimeazima jenereta kwa Bi Kashmira wa duka la vyombo. Masharti! Ikae nje, pakavu. Nitumie waya wake mnene, usiungwe na mwingine. Na kile kisanduku chenye kitufe, kinachokaa kati ya jenereta na waya, nisikitoe kamwe, maana maji yakigusa waya, chenyewe hukata stima kabla mtu hajapigwa. Akanitaka niyarudie yote, kama mtoto wa chuoni. Nimeyarudia bila kosa. Anayeazima hakatai kitu.

Jumatano, 4 Februari

Waya wa Kashmira haufiki. Nimeuunga na wangu wa zamani, nikazungushia selotepu, nikaupitisha chini ya mikeka usionekane. Kazi safi! Zayd akapita, akainua mkeka, akasema hapo watu watakaa miguu mitupu. Nikamwambia wivu haufichiki. Akaurudisha mkeka, akaenda zake. Nilifurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 5 Februari

Niandike yote yaliyotokea.

Wanawake walikuwa uani, mimi nje ya ukuta na jenereta. Zayd pia, ingawa hakuna aliyemwita. Feni zikazunguka, kaswida zikasikika mpaka barabarani. Lubna akachungulia mlangoni, akasema leo mama amepata upepo. Mwezi mzima hakuwa amenisemesha! Moyo ulinijaa.

Kisha wakasimama kumswalia Mtume, na mrashi ukaanza kupita, marashi yakinyunyizwa vichwani na mikekani. Tap! Kisanduku kikakata. Nikabonyeza kitufe. Kikakata tena. Ndani minong'ono. Zayd akasema tuuangalie waya kwanza. Mimi niliona kitu kimoja tu: jambo langu moja linaharibika mbele ya ukoo mzima. Nikakitoa kisanduku, nikachomeka moja kwa moja. Feni zikazunguka!

Halafu ukelele. Nikaijua sauti, nikachungulia mlangoni. Lubna alikuwa amesimama kwenye mkeka uliolowa, ameshika chuma cha feni, na mkono haubanduki. Nikakimbia kumvuta. Zayd akanikamata kikoi, akanibwaga, akazima jenereta kwanza. Lubna akaanguka. Kisha akavuta pumzi. Nililia mbele ya wanawake wote, sikuona haya.

Ijumaa, 6 Februari

Ndoa imefungwa. Daktari asema Lubna ni mzima, kiganja tu kimebabuka. Nilikaa karibu naye muda mrefu. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja, kwa upole: nilijua kile kisanduku ni cha kazi gani? Nikatazama dirishani. Heri angenitukana. Nilijua, na nilikitoa ili anisifu, na ningemkosa kwa ajili hiyo. Nimerudi nyumbani nikaketi kwenye kitanda chetu, sikuweza kula.

Jumapili, 8 Februari

Lubna amenitumia salamu kupitia Zayd. Anarudi leo alasiri! Hataki kufunga Ramadhani mbali na mumewe. Ila ameomba nifikirie sana yaliyopita.

Nimefikiri. Nimefikiri kuliko siku zote za maisha yangu, na nimelipata kosa: waya ulipita chini, penye miguu na maji. Basi leo hakuna waya chini! Stima imepotea tangu asubuhi, na jenereta ya Kashmira bado iko kwangu. Nimetengeneza waya wenye plagi huku na huku. Moja naichomeka kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi ya ukutani. Stima itaingia ukutani, izunguke nyumba nzima, hata itoke kwa nyaya zilezile mpaka kwenye nguzo ya barabarani, na majirani wafaidi. Kisanduku sikukitumia, marashi hayapo.

Lubna huyo anashuka kwenye tuktuk. Ameinua macho, na mimi pia. Kuna fundi wa kampuni ya stima juu ya nguzo, anahangaika na nyaya kwa mikono mitupu. Maskini! Nimempungia. Nimemwambia asijisumbue, nawasha sasa hivi.