Sekunde Hamsini na Nane

Jumatatu, 8 Juni

Dakika moja na sekunde moja ni dakika mbili. Amelithibitisha hilo leo Sekela wa huduma kwa wateja, kampuni ya simu, Tunduma. Nimemwuliza mara tatu. Mara tatu amejibu hivyo hivyo, bila kupandisha sauti.

Simu yetu ya mezani, hapa Mpemba, iko kwenye mtindo wa dakika. Shilingi sitini kwa dakika, na kipande chochote cha dakika kinahesabiwa kizima. Juu yake, shilingi arobaini kila simu inapopokelewa. Kuna mtindo wa sekunde, shilingi mbili kila moja. Na kuna mtindo wa tatu, unalipa mia mbili mara moja, kisha unaongea hadi nusu saa. Sekela alinishauri huo wa tatu. Nikamwambia huo ni wa watu wasiojua kupanga maneno. Nimepima mahindi ghalani miaka ishirini na sita. Kipimo nakijua.

Jambo lenyewe. Mwanangu Felix anataka kumwoa Tumpale, binti wa Mzee Anyelwisye wa kule Itumba. Baba wa kijana ndiye anayepiga simu kuomba siku ya kupeleka posa. Mwisho wa kuomba ni Jumamosi hii. Kuna familia ya Mbozi, wenye kahawa, nayo imeulizia. Felix tayari amenunua bati kumi na mbili.

Tatizo ni salamu. Kwa Mzee Anyelwisye huwezi kutaja shida kabla ya salamu kwisha. Watoto, majirani, ng'ombe, mahindi, baridi, kisha mke. Mwezi uliopita salamu peke yake zilikula dakika kumi na moja.

Jirani yangu Rabson amejitolea kuwa mshenga. Anasema atakwenda Itumba mwenyewe, nauli yake. Nimekataa. Mwaka jana alisema mbele ya watu kwamba mzani wangu ulikuwa umelala upande.

Jumanne, 9 Juni

Mpango umeanza. Nimeshusha saa ya ukutani, nimeiweka kando ya simu. Kila simu sekunde hamsini na nane, kisha nakata. Sekunde mbili ni za tahadhari. Mke wangu Ketrina yuko kwa dada yake Vwawa tangu Jumapili, wanavuna maharage. Kwa hiyo hakuna wa kunivuruga.

Simu ya kwanza, saa mbili asubuhi. Mzee amesalimia haraka kuliko nilivyotegemea. Amepita watoto, majirani, ng'ombe, mahindi, baridi. Amefika kwenye "Na mama Felix, anaendeleaje?" Sekunde ya hamsini na nane. Nikakata.

Nikapiga tena. Hapa kuna kitu sikukihesabu: kwa mzee simu mpya ni makutano mapya. Akaanza upya kwenye watoto. Akafika kwa mama Felix. Hamsini na nane. Nikakata.

Nimepiga mara nne. Mara nne ameishia kwa mama Felix. Safari ya nne sauti yake ilikuwa ya chini sana, nadhani ni mtandao.

Posa haijatajwa. Ila hakuna simu hata moja iliyoingia dakika ya pili.

Felix amerudi kutoka kwenye duka la matairi akauliza kama nimeongea na mkwe. Nikamjibu tumeongea mara nne. Akafurahi.

Jumatano, 10 Juni

Zile shilingi arobaini za kupokelewa sikuwa nimezizidisha kwa nne. Rabson amezizidisha, kwa sauti, kutoka upande wake wa ua. Hakuna aliyemwuliza.

Nimekwenda Tunduma mpakani kwa Kefa, anayebadilisha fedha. Ana laini ya Nakonde, upande wa Zambia, na anasema kule dakika ni rahisi. Alikuwa na dereva Mzambia, nikamwambia "mwashibukeni" ili nionekane mzoefu. Ilikuwa saa tisa alasiri, na hiyo ni salamu ya asubuhi. Dereva alinipa pole.

Dakika ni rahisi kweli, kwa mtu anayempigia mwenzake wa Nakonde. Itumba kwa laini hiyo ni nchi ya nje. Salio lilikatika kabla sijamaliza kujitambulisha. Nilichosikia kwa mzee ni hiki tu: "Baba Felix, mbona unapiga kutoka ng'ambo? Umempeleka huko?"

Sikuelewa nani kapelekwa wapi. Nimemlipa Kefa. Amecheka akasema, "Baba, wewe ungeandika barua."

Jumatano hii haikuwa nzuri. Lakini njiani nimepata wazo.

Alhamisi, 11 Juni

Simu isiyopokelewa haina gharama. Sekela mwenyewe amelikiri.

Basi nimebipu. Mlio mmoja, nakata. Mara saba, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi: watoto, majirani, ng'ombe, mahindi, baridi, mke, na wa saba ni posa. Mzee ni mtu mwenye akili. Anajua mpangilio wa salamu zake mwenyewe.

Na ameelewa. Saa moja kamili simu yangu imeita. Sikuipokea, ningeharibu lugha. Imeita mara kumi na moja. Nikaandika: kumi na moja, yaani tarehe kumi na moja Julai. Ikaita tena, mara kumi na moja. Amethibitisha.

Gharama ya leo: hakuna.

Nimemweleza Rabson kwenye ua. Akauliza Ketrina anarudi lini. Nikamjibu kesho. Akasema afadhali.

Ijumaa, 12 Juni

Saa nne asubuhi haisi kutoka Itumba imesimama mlangoni. Wameshuka watu tisa. Unga debe mbili, maharage, kuku wawili waliofungwa miguu. Wanawake walikuwa wanalia tangu barabarani. Mzee Anyelwisye alikuwa amevaa koti la kanisani. Alinishika mikono yote miwili akasema amenielewa tangu simu ya kwanza. Mtu anayekata kila akiulizwa habari za mke wake, kisha anapiga kutoka ng'ambo ziliko hospitali kubwa, kisha anabipu alfajiri na hapokei, huyo ni mtu anayelia. Tumpale yuko chuoni Mbeya, hawakumwambia. Msiba humwambii mtoto kwa simu.

Ketrina alikuwa ametoka tu Vwawa. Alitokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Mama yake Tumpale, ambaye hajawahi kuonana naye, alimkumbatia akampa pole ya kufiwa na mama Felix.

Ketrina akatua ndoo. Akauliza, "Mama Felix yupi?"

Nilisikia kuku.

Hapo Rabson aliingia na viti kumi kichwani na turubai begani. Alikuwa amesikia kilio, hakuuliza chochote, alikuja na viti. Alipomwona Ketrina alisimama, kisha akaanza kuvipanga.

Mzee alikaa kwenye kiti cha kwanza. Felix alikuwa mlangoni, hajafumba mdomo. Nikaona bati zake kumi na mbili zinakwenda Mbozi.

Mzee akasema kwamba kwa kuwa wamekuja na chakula, kiliwe. Kisha tukasalimiana. Dakika arobaini. Alipofika kwa mama Felix, mama Felix alijibu mwenyewe, na alijibu kwa urefu, zaidi kuhusu mimi.

Baada ya kula mzee alisema nyumba ambayo jirani analeta viti kabla ya kuuliza nani amekufa, binti yake anaweza kukaa hapo. Watu wa Mbozi watajibiwa. Posa ipelekwe Itumba Jumamosi, tarehe 25 Julai. Mshenga awe Rabson.

Jumamosi, 13 Juni

Nimefunga hesabu za wiki. Mchele, nyama na soda nimeviandika chini ya chakula. Nauli ya kurudi ya watu tisa nimeiandika chini ya usafiri. Ketrina anasema hiyo yote ni simu, na ingetosha kuongea kwa mtindo wa tatu hadi wajukuu waoe. Ketrina hajawahi kufanya kazi ghalani.

Mimi naangalia matokeo. Alhamisi nilibipu, Ijumaa posa ilikubaliwa. Kwenye safu ya simu, siku zote mbili, hakuna senti.

Leo nimemwomba Sekela anihamishie mtindo wa sekunde. Aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina nia ya kuongea.

Mzee ameomba tumjulishe wiki moja kabla tutakuwa wangapi, ili wajue vyakula. Tuko kumi na wanne. Nitabipu mara kumi na nne, Jumamosi, 18 Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.