Simu Moja, Wasemaji Wanne

Jumatatu, 3 Machi

Nimepandishwa cheo! Mratibu wa Watu wa Kujitolea, kituo kizima. Mshahara hakuna, mimi mwenyewe najitolea. Lakini nina meza! Mguu wake mmoja mfupi. Nimeuwekea kitabu cha kanuni za kituo, kimeenea sawasawa.

Kazi yetu si ya mchezo. Watu walioibiwa, waliopigwa, waliotapeliwa hupiga simu hapa, tunawapokea, tunawaelekeza hospitali, polisi au kwa mwanasheria wetu wa chumba cha nyuma. Lakini waliokuwa wakijitolea wamepukutika. Mmoja kapata ajira, mmoja kajifungua mapacha, watatu hata hawakuaga. Wamebaki wawili.

Mkurugenzi, mama mpole mwenye macho ya kukagua mizigo, kaniita. Ijumaa ya tarehe 14 anakuja mkaguzi. Asipokuta watu sita waliofaulu mafunzo, laini ya simu inafungwa. Nikamuuliza wapigaji watapiga wapi. Aliitazama tu ile simu.

Nikamwambia alale usingizi wa pono. Shule niliishia darasa la saba, lakini hilo la saba nililisoma mara mbili. Nimewahi kuuza miamvuli wakati wa kiangazi! Watu wanne watanishinda?

Bi Kalamu wa mapokezi kacheka kwa pua. Ana wivu na meza yangu.

Saa nne kamili asubuhi simu ikalia. Kapokea yeye. Upande wa pili kimya, mtu anapumua tu. Dakika mbili, ikakatwa. Bi Kalamu kasema mtu huyo hupiga kila siku saa hiyo, wiki ya tatu sasa, hajatamka neno. Wamempa jina la Saa Nne. Nilishauri apigiwe kelele kidogo, achangamke. Bi Kalamu kanitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai.

Jumanne, 4 Machi

Usaili. Wamekuja wanane. Wanne wameletwa na bango langu: JE, UNA MANENO? TUNAKUHITAJI! Wanne wameletwa na kikaratasi ambacho Bi Kalamu alikibandika zahanati bila kunishirikisha, eti “Tunahitaji watu wa kusikiliza.” Tangazo gani hilo? Kila mwenye masikio si atakuja?

Wa kwangu, moto wa kuotea mbali! Mshereheshaji wa harusi. Dalali wa mnada. Mtangazaji wa mpira wa uwanja wa mtaani. Muuza dawa ya panya. Nimewachukua wote. Simu ni ya kuongea, bwana.

Wa Bi Kalamu sasa. Fundi Saa: nilimuuliza kwa nini anataka kujitolea, akafikiri mpaka chai yangu ikapoa, akasema aliwahi kuibiwa. Basi! Mkutubi mstaafu: alinong’ona. Mchimba visima: alitikisa kichwa mara mbili. Mjane anayemshonea mke wangu vifungo: nilidhani kalala. Kila fomu nimeiandika kwa wino mwekundu: KIMYA. HAFAI. Nikawaambia kwa heshima zote kwamba midomo yao imeshika kutu, wakaitie mafuta, tuonane mwakani.

Alhamisi, 6 Machi

Mafunzo. Mkurugenzi kafundisha Kanuni ya Kumi. Mpigaji akinyamaza, usimjazie. Hesabu moja mpaka kumi moyoni, ndipo useme, na useme kidogo. Wangu walimkatiza mara thelathini na moja kumweleza jinsi walivyomwelewa. Vichwa vizuri sana.

Saa Nne kapiga, kapumua, kakata.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani. Mkurugenzi huingia chumba cha pili, hupiga simu ya kuigiza, anajifanya kaibiwa.

Mshereheshaji kapokea, kawaomba wote waliopo wampigie mwathirika wetu makofi. Mtangazaji aliifuata kanuni dakika nzima, ila kwa sauti: anavuta pumzi, anakaribia kusema, loo, kanyamaza tena! Muuza dawa ya panya kauliza kama wezi waliacha tundu. Dalali ndiye tegemeo langu. Kakumbuka kuhesabu! “Moja! Mbili! Tatu, imekwenda!” Kakata simu.

Wamefeli wote. Mkurugenzi kawashukuru, kawaomba wasaidie siku ya kukaribisha wageni. Wameondoka wakiongea, hakuna aliyemsikia mwenzake.

Bi Kalamu hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema tu kwamba zimebaki siku saba.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango mpya, mkubwa! Nimeazima kipaza sauti cha mkono, nikasimama kituo cha mabasi. Betri zikafa dakika ya tano. Wengine wangerudi nyumbani. Mimi? Nimenadi kwa koo langu mwenyewe, saa sita mfululizo. Watu walisimama, walinisifia pumzi. Waliojiandikisha: mmoja, alidhani ni kazi ya kondakta.

Jumanne, 11 Machi

Sauti imekwenda! Nafungua mdomo, inatoka hewa. Mke wangu kaniletea maji ya moto yenye chumvi, kakaa kando yangu, kasema, “Baba Watoto, miaka kumi na tisa ya ndoa, leo ndiyo nasikia saa yetu ya ukutani.”

Kisha kanikazia macho. Kasema yule mshona vifungo wake alirudi Jumanne ile akilia. Nyumba yake ilivunjwa mwaka juzi, simu ya kituo ndiyo iliyomsimamisha, alitaka kulipa fadhila. Na mimi nimemwambia ana kutu.

Sikula chakula cha mchana. Koo.

Jumatano, 12 Machi

Tumezunguka kwa wote wanne. Mimi naonyesha ishara, mke wangu anatafsiri. Kwa Fundi Saa nilifanya ishara ya kwamba hali ya kituo ni ngumu na mabadiliko ya sera yamejitokeza. Mke wangu kasema, “Anasema yeye ni mpumbavu, kaka yangu, anaomba radhi.” Sikusema hivyo! Lakini sikuwa na sauti ya kukata rufaa. Kwa mkutubi nikawa mpumbavu tena. Kwa mchimba visima, mpumbavu mkubwa. Kwa mjane alipotaka kutafsiri nilimzuia. Nikachukua ile fomu, nikakata wino mwekundu kwa mkono wangu, nikampa.

Mjane kauliza kesho waje saa ngapi.

Alhamisi, 13 Machi

Mafunzo asubuhi, mtihani alasiri. Asubuhi wote walijifungia chumba cha pili, Bi Kalamu akimsaidia Mkurugenzi kufundisha. Nje nimebaki mimi, meza yangu na simu.

Saa nne kamili ikalia.

Nikatazama mlango. Ikalia tena. Nikapokea. Nikataka kumkaribisha kwa lile karibu langu la kutikisa madirisha. Ikatoka, “Mm.”

Pumzi upande wa pili. Nikahesabu. Moja, mbili. Ningekuwa na sauti, kwenye tatu ningeshamwambia kisa cha miamvuli. Nikafika kumi. Kwa mara ya kwanza maishani! Nikaanza tena. Nilikuwa kwenye arobaini na moja aliposema neno. Kisha jingine.

Alisema dakika thelathini na tano. Mimi, mm. Aliyoyasema siyaandiki hapa. Ni yake. Mwishoni aliuliza kama bado nipo. Nikakusanya koo lote, nikakwaruza, “Nipo.” Akaniambia ahsante kwa kutomkatiza, kila mahali watu humkatiza. Nikagonga ukuta, Bi Kalamu akaja, akamalizia ya miadi na mwanasheria.

Macho yaliniwasha sana. Ile chumvi.

Wanne wamefaulu. Mkurugenzi alinyamaza dakika tatu nzima kwenye simu ya kuigiza, Fundi Saa naye kanyamaza. Tulidhani waya umekatika. Alama mia.

Ijumaa, 14 Machi

Mkaguzi kaja, kahesabu sita, kahesabu tena, kasaini. Laini inabaki! Mkurugenzi kaweka kiganja juu ya simu kama mtu anayempapasa mtoto aliyepona homa.

Saa nne simu haikulia. Mlango wa mwanasheria ulikuwa umeegeshwa, ndani kuna mtu kakaa kwenye kiti. Siandiki zaidi.

Bi Kalamu kaniletea chai bila kuombwa. Miaka mitatu iliyopita, wezi walipozoa viatu vyote dukani kwangu, nilipiga simu hii hii. Nikamnong’oneza kwamba sijasahau hotuba ile aliyonipa, hotuba iliyoninyanyua, sijasikia nyingine kama ile. Kasema siku hiyo aliniambia maneno mawili: “Niko hapa.” Mengine yote niliyasema mimi.

Maskini. Kumbukumbu zake zimeanza kuchoka.

Jumamosi, 15 Machi

Sauti imerudi! Mke wangu kaenda kwa dada yake.

Nimetafakari kwa kina. Nani aliyemfungua Saa Nne? Mimi. Kwa mbinu gani? Yangu. Kipaji kama hiki hakifai kukaa bure, lazima kiwafikie wengi. Bango liko tayari, herufi kubwa: JE, UNAJUA KUNYAMAZA? NJOO NIKUELEZE! Semina ya saa tano bila mapumziko, msemaji ni mimi. Mshereheshaji atafungua, dalali atahimiza, mtangazaji atawasimulia walioko nje. Maswali hayataruhusiwa, muda hautatosha.

Nimeanzia kwa Fundi Saa, nikamsomea muhtasari wote dukani kwake. Kanisikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha kanyamaza. Nilimhesabia mpaka tatu, nikaona amekubali.

Kipaza sauti nimeazima tena. Safari hii nimenunua betri nane.