Kamera Bila Kifuniko

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi toka mu ville na kamera. Kadogo, kanaingia mu kiganja. Muuzaji alinionyesha namna ya kuangalia mu telefone, akasema niweke mot de passe, neno la siri ya kuifunga. Nikamuambia niko na batoto sita, hata majina yabo nachanganya.

Jumamosi familia ya Gauthier inakuja kuomba binti yetu Wivine. Mama ya Gauthier, Mama Lombe, hacheki hata kidogo. Ku ubatizo moja bantu bote balicheka mpaka machozi, yeye kimya. Mutoto yangu ataishi namna gani na mama mukwe wa vile? Lakini kila présentation, siku ya kuomba binti, iko na saa yake: bageni banaomba ruhusa, banaenda pembeni kusemezana bo peke yabo. Nitabatuma mu annexe, nyumba ndogo ya nyuma. Kamera itakuwa juu ya kabati. Nitasikia ukweli.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaribu kamera mu jikoni. Asha, jirani mwenye kuuzisha bitenge, akaita juu ya ukuta: sombe yangu inaungua mu sufuria. Nikamuuliza kama amesikia harufu. Hapana, ameona mu telefone. Yeye pia iko na kamera ya namna ile mu magasin yake ya bitenge, na telefone yake imekamata yangu.

Bwana yangu André akaeleza: picha na sauti inapita mu hewa wazi, sawa vile kubeba sahani ya chakula mu barabara bila kuifunika. Kila mupita-njia anajua tunakula nini. Nifunge na mot de passe.

Nimefikiri. Jumamosi nitakuwa nagawa bukari mu sahani. Nani atasikiliza bageni? Asha. Basi ibaki wazi. André anasema niko kichwa nguvu. Anasema vile tangu tulioana.

Jumamosi, 14 Juni

Bageni balifika mapema. Desturi ni desturi: banangojea inje mpaka baitwe. Mimi mbio mu annexe kupanga kamera. Nikaijaribu. Asha, unanisikia? Chunga ule mama wa uso ya kilio. Uniambie kama atamupenda Wivine. Anaogopa giza, anakunywa chai ya sukari mingi, hajalala hata siku moja mbali na mie. Nikalia kidogo.

Kumbe Asha alibatolea bageni biti ya kuikaa ku mulango yake, mu jua, juu ya baridi. Telefone mu mukono. Bote bananiangalia na kunisikia.

Saa ya kusemezana ikafika. Nikachungulia telefone chini ya kitenge. Uso ya Mama Lombe ilijaa mu kioo. Akasema: Mama Wivine, uso ya kilio njo huyu. Akafungua kinywa. Meno mbili ya mbele hakuna. Anaona haya, njo maana hacheki. Halafu akasema kwake taa inalala inawaka, kama courant ya umeme iko, na sukari haikosi. Akacheka. Bantu yake bakacheka. Mimi nilicheka na machozi mbele ya jamaa yetu yote, André ananikanyaga muguu.

Familia yote mbili bamekubali.

Jumatatu, 16 Juni

André anasema sasa nimeona, nifunge kamera. Nimeona, ndiyo. Kama ningefunga, ningekuwa bado naogopa ule mama.

Leo nimemupigia Mama Lombe telefone. Tumesikilizana: kamera inaenda mu byombo ya ndoa, itakaa mu jikoni kwa Wivine. Mot de passe hapana, juu Mama Lombe naye anataka kuangalia, na Asha ameomba. André anauliza kama tumemuuliza Wivine. Kumuuliza juu ya nini? Iko ya jikoni tu. Ya salon, kule banapokea bageni, nitaleta kisha ndoa.